Bahari Isiyo na Vidudu

Mama yangu hajawahi kuelewa nilisomea nini, na hajawahi kukiri kwamba haelewi. Majirani wakimuuliza, alikuwa anajibu kwa kujiamini kabisa: "Anasomea udongo." Basi wakajua nafinyanga. Mmoja akaniagiza chetezo.

Nilijaribu kueleza. Juu juu ya bahari yetu hii ya joto wanaelea viumbe wadogo kuliko chembe ya chumvi, kila mmoja na kigamba chake cha chokaa. Wakifa, magamba yanazama na kurundikana chini, tope juu ya tope. Ukilichota tope lile, ukalichuja, ukatazama magamba kwa hadubini, unajua bahari ya zamani ilikuwa na joto kiasi gani.

"Tope?" jirani akashangaa. "Si uende bondeni Jangwani mvua ikinyesha? Huko la bure!"

Tope langu lilitoka kilindini, lilichotwa na meli ambayo ilikuwa imeshaondoka. Lilikatwa vipande vyembamba, kila kimoja na enzi yake, na ukikipoteza kimoja ndiyo basi. Nisipokuwa nalo sina tasnifu, na bila tasnifu sina digrii.

Sasa tanuri la maabara likaharibika. Mwalimu wangu akaniruhusu nikaushe vipande nyumbani, juani. Nyumba yetu iko Kariakoo, mtaa wa maduka ya viungo, na vumbi la mikokoteni huko halina adabu. Nikaweka kipande kwenye sinia, nikakianika uani, na kwa akili zangu zote za chuo kikuu nikakifunika kwa kawa.

Kilikauka vizuri. Nikakipeleka maabara, nikakiosha kwenye chujio, nikainama kwenye hadubini. Hakuna kitu! Si kigamba, si nusu ya kigamba. Nikafuta kioo, nikafuta na macho. Patupu.

Nilimwita mwalimu wangu, mzee mmoja mkali ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akainuka anatabasamu. "Magamba yote yameyeyuka," akasema kwa sauti ya chini, kama tuko msikitini. "Bahari iligeuka tindikali, binti. Hili hakuna aliyewahi kuliona huku kwetu!" Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo ananiitikia, "Marahaba, daktari." Akaniwekea siku ya kwenda kulieleza jambo hilo mbele ya maprofesa. Nikashona gauni.

Jioni ya kuamkia siku hiyo tulikuwa tunakula, mimi, mama, na wifi yangu mke wa kaka, mwenye mimba kubwa. Huyo wifi alikuwa hapitishi siku bila pemba, ule udongo wa kula wa wajawazito. Alikuwa anautafuna mpaka usingizini. Nikaanza kujidai. Nikawaambia nimegundua enzi ambayo bahari yetu haikuwa na kidudu hata kimoja.

Wifi akaacha kutafuna. Mama akainuka kwenda jikoni na hakuwa na shughuli yoyote jikoni. Wifi akaangua kilio.

"Wifi, nisamehe! Niliukuta chini ya kawa!"

Ndipo nikaelewa. Lakini ningemlaumu vipi? Kwetu kilicho chini ya kawa ni chakula. Alifunua, akakuta sinia la udongo mkavu wa kijivu, akajua wifi yake anampenda, kamnunulia pemba. Akala wote. Mama alipogundua akakimbilia sokoni, akanunua pemba nyingine, akaitwanga, akailowesha na kuianika upya.

"Mama! Hukuniambia?"

"Ningekwambia ungelia," sauti ikatoka jikoni. "Tena nilitia na chumvi. Mwenzio alisema ule wako ulikuwa na chumvi chumvi."

Niliwaka. Nilisema maneno mengi, mengine ya kisayansi. Bahari yangu ya tindikali ilikuwa imenunuliwa dukani, na kesho yake nilitakiwa kuitetea mbele ya maprofesa! Wifi alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akashika tumbo na kuuliza polepole: "Vile vidudu vyako... vitamdhuru mwanangu?"

Kumbe siku zote hizo alikuwa na hofu hiyo, na hakuwa na wa kumuuliza ila mimi. Hasira ikaniishia palepale. "Ni magamba matupu, wifi," nikamwambia. "Chokaa. Kliniki wanakupa vidonge vya kalsiamu, wewe umeila mbichi." Akacheka huku kamasi zinamtoka. Kesho yake asubuhi nilimpeleka kliniki mwenyewe, na nesi alipomaliza kutucheka akasema mtoto yuko salama.

Kutoka hapo nikaenda kwa mwalimu wangu. Nilimweleza yote, pamoja na chumvi. Nikaona digrii inaniaga. Kisha akauliza, "Mama mjamzito hajambo?" Nikasema hajambo. Akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko au ya huzuni, sijui mpaka leo, akaenda kuwapigia simu maprofesa.

Digrii nilipata. Ila katika tasnifu yangu kuna mchoro ambao mstari wake unakatika katikati, na chini yake nimeandika: "Sampuli haipo." Uongo mtupu. Sampuli ipo, inasoma chekechea, ina meno meupe peee, na kila jioni inakimbizwa uani kwa sababu haitaki kuoshwa.