Vidonge vya Mahindi Chumba cha Wageni

Mdogo wangu nilimuua mimi. Sikukusudia, lakini hata nizungushe maneno vipi, jibu ni hilohilo, na ndugu zangu hawalijui mpaka leo.

Mwaka ule mahindi yetu yaliingiliwa na dumuzi. Ukitikisa gunia, unga unamwagika. Nyumba yetu hapa Kihesa ni ndogo, mavuno tunayalundika chumba cha wageni. Nikanunua vile vidonge vya kufukizia. Muuzaji akanionya, "Mama, hivi haviwekwi nyumba wanayolala watu." Nikamwitikia tu ili anipe niondoke. Nikavitumbukiza kwenye magunia, nikafunga mlango.

Jioni yake mdogo wangu akatokea bila taarifa, katoka Makongolosi kwa mumewe. Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, akatupikia ugali na majani ya maboga. Tulikula wote, tukacheka sana. Kisha nikamtandikia mdogo wangu godoro kando ya magunia, na kwa ile baridi nikaziba dirisha kwa blanketi.

"Dada, mbona humu kunanuka kama vitunguu swaumu?"

"Umeanza kuringa wewe. Lala."

Asubuhi nilimkuta anatapika, kifua kimembana, hawezi kusimama. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akaniuliza amekula nini, amevuta nini. Nilijua, jamani! Ile harufu ilikuwa bado kwenye kanga yangu. Nikaogopa polisi, nikamjibu kwamba alikula ugali tu.

Alifariki mchana. Pengine wangemwokoa, pengine wasingeweza. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Msibani maneno yakaanza. Ugali nani kapika? Sisi wengine tuliula tukaamka wazima, lakini wakasema dawa ya bibi inachagua mtu. Nikanyamaza. Mama mkwe alirudi kijijini, anaishi peke yake. Kwenye shughuli hashikishwi mwiko, na wajukuu wamekatazwa kula kwake.

Mimi naenda kula kwake. Jumapili iliyopita alikaa ananitazama nikimeza, machozi yakimlengalenga.

"Mungu akulipe, mwanangu. Wewe peke yako ndiyo unajua kwamba mimi siyo mchawi."

Nikamega tonge jingine.

Wenzangu, vidonge vile vinatoa hewa inayoua. Msiviweke kwenye nyumba ya watu, hata mlango ufungwe. Muulizeni bwana shamba, ipo mifuko isiyopitisha hewa, inaua wadudu bila sumu. Mkisikia harufu ile, tokeni wote nje, na hospitalini semeni ukweli mgonjwa akiwa bado anapumua. Mimi niliuacha ule wakati ukapita, na kila nikienda kijijini naondoka nyumbani nimeazimia kumwambia. Nikifika, ananiwekea sahani, nanawa mikono, nakula.