Mzee Subiri na Sabuni ya Wodi

Hospitalini pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Subiri, fundi wa maabara, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Daktari akichungulia maabara kuulizia majibu, aliambiwa neno moja tu: "Subiri." Vijidudu, alipenda kueleza, havioti kwa kufokewa. Unaviwekea chakula, unavipa joto, unaviacha. Chakula chenyewe alikipika kwenye sufuria ndogo, akakichanganya na damu ya kondoo, akakimimina kwenye visahani. Kondoo mwenyewe alifungwa nyuma ya maabara, mnene, mwenye maringo, na wauguzi walimwita Mfadhili. Ndugu wa wagonjwa waliomwona walidhani anangojea sherehe. Umeme ukikatika, mzee alivifunika visahani kwa blanketi, akavizungushia madumu ya maji moto, akavilinda kama mama aliyejifungua jana. Watu walimcheka. Hakujali, maana bila visahani vile madaktari wangekuwa wanatibu kwa kubahatisha.

Basi binti yake wa pekee akajifungua mtoto njiti, wa kike. Mtoto akalazwa wodi ya watoto wachanga, akaanza vizuri, kisha akapata homa na kuacha kunyonya. Hakuwa peke yake. Watoto wengine wa wodi ile walikuwa wameugua vilevile, mmoja alikuwa ameshazikwa, na dawa waliyozoea kuwapa sasa ilikuwa kama maji tu. Daktari wa watoto akamtoa mjukuu damu, akaipeleka maabara kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee, stoo kuna dawa nyingine ninazoweza kujaribu," alisema. "Ila sijui ipi itamfaa. Mtoto mwenyewe mdogo hivi, nikikosea sitapata nafasi ya pili."

Siku hiyo hata yeye hakutaka kulisema neno lake. Akalisema hivyo hivyo.

Binti yake aliposikia alimjia juu. "Baba, mwanangu anakata roho, na mimi pia unaniambia nisubiri?" Akampa kisogo. Mzee akarudi kwenye visahani vyake. Naye roho ilikuwa mkononi.

Kilichomchanganya ni kwamba wodi ile iling'aa. Muuguzi mkuu alikuwa mama wa shoka, hana mzaha na uchafu, na alikuwa na jambo moja la kujivunia: wodi nyingine zililia ukosefu wa sabuni, yake haikukauka kamwe. Chupa ya sabuni ya maji ikikaribia kuisha, aliongeza sabuni kidogo, akaongeza maji, akatikisa. Ikipungua tena, akaongeza tena. Watoto walipoanza kuugua alizidisha ukali. Mama akitaka kumgusa mtoto, anawe. Akitaka kunyonyesha, anawe. Walinawa mpaka vidole vikakunjamana, na watoto wakazidi kuugua.

Mzee alikuwa ameshapitisha pamba zake kwenye vitanda, mizani, bomba na sinki, akaotesha kila alichokipata. Hakukuwa na kitu cha maana. Damu ya mjukuu ilipoanza kuota, alivipandikiza vijidudu kwenye kisahani kingine, akapanga juu yake vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali, ili ajue ipi itavizuia. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Akaenda wodini kumwona mtoto.

Mlangoni akanawa kama kila mtu. Sabuni ilitoka nyepesi, na alipoisugua ikatoa harufu ya kitu kilichovunda. Akabaki amesimama, mikono inachuruzika.

"Dada, chupa hii iliwahi kuoshwa lini?"

Muuguzi mkuu akamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Kuoshwa? Kaka, hiyo si chupa ya sabuni? Nani anaosha sabuni?"

"Naomba imwagwe."

"Una ushahidi?"

"Sina. Nachukua tone nikalioteshe, kesho nitakuambia. Lakini imwagwe leo, na chupa zote za wodi hii."

"Wewe!" Muuguzi mkuu aligeuka mbogo. "Wewe unayetuweka roho juu kila siku, leo ndiyo huwezi kungoja? Unajua sabuni hii naipataje?"

"Najua, dada. Nikikosea, unisute mbele ya hospitali nzima. Ila mjukuu wangu yumo humu."

 Muuguzi mkuu, huku amenuna, akabeba chupa moja baada ya nyingine na kuzimwaga chooni yeye mwenyewe. Wauguzi wakafungua sabuni ya mche waliyokuwa wakifulia mashuka.

Asubuhi, mzee alivipanga visahani kando kwa kando. Kilichoota kwenye tone la sabuni kilikuwa kilekile cha damu ya mtoto, chenye utelezi kama ute wa yai, na baadaye vipimo vingine vilithibitisha hivyo. Sabuni iliyozimuliwa kwa maji, ndani ya chupa isiyooshwa kamwe, ilikuwa imegeuka chakula cha vijidudu. Kwenye kisahani cha dawa, karatasi nyingi zilizungukwa na vijidudu mpaka ukingoni. Moja tu ilikuwa na duara safi pande zote. Aliitazama mara mbili, kisha akatoka mbio, na hospitali nzima ikasimama kumshangaa.

Dawa hiyo ilikuwapo stoo. Daktari akawaanzishia watoto wote waliougua.

Muuguzi mkuu alikuja maabara peke yake. Alipokiona kisahani alikaa chini akalia. "Kaka, ni mimi niliyewalazimisha wanawe."

"Ulitaka sabuni isikosekane, dada. Hata mimi nimeinawia miaka yote hii." Akavuta kiti chake karibu naye, akaketi hapo mpaka mama yule akatulia. Tangu siku hiyo hakuna chupa wodini iliyojazwa kabla ya kuoshwa na kuanikwa ikauka, na hakuna mtoto mwingine aliyeanza kuugua.

Lakini mjukuu bado alikuwa amelala tu, amefumba macho. Mzee alikuwa akipika chakula cha visahani aliposikia binti yake anaita kwa sauti ya juu, "Baba! Baba, njoo!" Akaiacha sufuria motoni. Alifika wodini akishikilia kuta, amejiandaa kwa lolote. Binti yake alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani, anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Ananyonya, baba. Anavuta mpaka ananiumiza."

Mzee akaegemea mlango, akalia mbele ya wauguzi wote, wala hakuona haya.