Moshi Niliowaambia Wauwashe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufagio. Niliambiwa nikae kwenye kigoda katikati ya wodi ya watoto, nifumbe macho, nisikilize.

Sista Mkuu, aliyesimamia wodi zote za hospitali ya misheni pale Ifakara, alikuwa mwanamke mfupi ambaye hatua zake huzisikii. Akasimama nyuma yangu.

"Unasikia nini?"

"Watoto wanapumua, Sista."

"Wangapi wanapumua vibaya?"

Sikujua. Nilikuwa nimekuja kuosha sakafu, basi. Lakini nilivyoendelea kukaa pale, zile pumzi zikaanza kuachana, moja moja, kama mtu anavyoanza kutambua sauti za ndugu zake gizani. Kona ya dirishani kulikuwa na moja fupi, yenye mguno mwishoni. Nikanyoosha kidole bila kufumbua macho.

"Basi utanifaa," akasema. "Sasa kafagie."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mimi nikiwa mama mbichi, mwanangu Severini bado mgongoni. Ninyi wasichana mnaoanza kazi leo mna saa za mkononi. Sisi tulihesabu pumzi kwa Salamu Maria. Midomo inasali, vidole vinasogeza punje za rozari, kila pumzi punje moja. Salamu Maria tatu zisizo na haraka zilikuwa kama dakika hivi. Punje zikienda mbio, na mbavu za mtoto zinabonyea kila anapovuta hewa, hicho ni kichomi, yaani mapafu yameshikwa. Mpaka leo nikisali rozari nahesabu kitu.

Mchana nilifagia, jioni nilisoma. Masista walikuwa na darasa la akina mama chini ya taa ya karabai. Nilijifunza kuandika jina langu, Severini akiwa amelala mapajani, wadudu wakianguka juu ya daftari. Baada ya miaka miwili niliweza kusoma karatasi ya homa na kuandika juu yake, ndipo nikahamishiwa zahanati ya bondeni, upande wa Namawala.

Mkubwa wangu huko alikuwa Bwana Dresa. Dresa ndiye aliyefunga vidonda, kuchoma sindano na kugawa dawa. Kijijini ndiye daktari. Kaptula yake ilipigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na ulimi wake ulikuwa hauna pasi kabisa.

"Mama Severini, umetoka Ifakara kuja kutufundisha usafi? Anza na mimi basi, nioshe miguu."

"Bwana Dresa, mimi si Bwana Yesu. Osha mwenyewe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tukaelewana.

Na bonde lenyewe, niwaambieje? Masika mto ulikuwa unatoka kitandani mwake, unakuja kutembea mashambani. Asubuhi ukitazama huoni ardhi, unaona mpunga tu na ukungu, na vibanda vimesimama juu ya nguzo kama vinaelea. Hivyo vibanda ndivyo madungu. Msimu wa mpunga watu walikuwa wanafunga nyumba zao kijijini, wanahamia kwenye dungu na watoto na kuku, kulinda shamba na ndege na nguruwe. Walikaa huko miezi. Jioni kila dungu lilikuwa na moshi wake chini, na moshi wote ulikutana juu ukawa kama shuka moja jeupe lililotandikwa juu ya bonde. Niliupenda. Nilikuwa nasimama mlangoni kwa zahanati nautazama mpaka nasahau kufunga dirisha.

Ule moshi ulikuwa wangu. Nieleze.

Kila Alhamisi nilifundisha akina mama. Adui wetu alikuwa homa ya mbu. Watu wa bonde tangu zamani walikuwa na fumba, mfuko wa mkeka wa ukindu. Unaingia ndani, unakunja mdomo wake, mbu anaimba nje mpaka achoke. Lakini fumba lina mishono, na mishono ina kunguni. Karatasi yangu ya mafundisho ilisema kunguni ni uchafu, na mahali pengine ilisema moshi hufukuza mbu. Hakuna aliyeniagiza kuunganisha mambo hayo mawili. Niliunganisha mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyejua kusoma juzi. Nikawaambia akina mama: tupeni mafumba, washeni moshi chini ya dungu, pumba zilowe kidogo ndiyo moshi unakuwa mzito. Wakaleta mafumba, tukayachoma uwanjani. Bwana Dresa akanisifu. Nami nikajisifu kidogo, Mungu anisamehe.

Msimu huo huo alikuja Gaudensia, mama kijana, mpole, na mwanawe Tekla wa miaka miwili. Kichomi. Bwana Dresa akamchoma penisilini, akapona, akarudi shamba. Haikupita muda, huyo tena. Akachomwa, akapona, akarudi. Mara ya tatu hakuwa na nguvu ya kulia sindano. Alinitazama tu.

"Mtoto huyu hamalizi masika," Bwana Dresa alisema, na siku hiyo hakutania.

Alipopata nafuu, Gaudensia akamchukua tena, kwa sababu mpunga haungojei mgonjwa. Mimi sikutulia. Siku ya nne nikafunga kanga kiunoni nikawafuata, maji magotini, nusu siku. Nilifika jua limeinama.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Mama Severini! Panda juu, ujionee. Nimefanya kama ulivyosema."

Nikapanda. Sikuona kitu. Macho yalinitoka maji, koo likafunga kama mtu amelishika. Kuta za dungu, ambazo huwa ni fito tu na upepo unapita, alikuwa amezikandika udongo na kuziba kwa mikeka. Tekla alikuwa amelala katikati, nikapapasa mpaka nikampata.

"Mwanzo moshi ulikuwa unatoka," Gaudensia alinieleza. "Alipougua nikasema labda mbu wanaingia, nikaziba. Alipougua tena nikaongeza pumba. Sasa mbu hakuna hata mmoja, dada. Lakini bado anaugua. Niongeze tena?"

Chini, mkwewe, bibi mmoja mkavu, alikuwa anachochea moto na kukohoa.

"Mwulize fumba langu liko wapi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nililala humo na watoto saba. Mwulize."

Niliweka sikio kifuani kwa Tekla na sikuhitaji rozari. Nikawaambia tunakwenda zahanati sasa hivi, wote wanne.

Daktari wa misheni, mzungu mwenye Kiswahili cha maneno machache, alikuwa anapita zahanati yetu mara moja kwa mwezi, na kwa bahati alifika kesho yake. Alipouliza mtoto analala wapi, Bwana Dresa alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Nyamaza," alininong'oneza, "utafukuzwa kazi."

Nilisema. Fumba, moshi, pumba mbichi, yote. Daktari hakunikatiza. Alimwomba yule bibi ateme makohozi kwenye kigae cha kioo. Bibi akatema kwa nguvu, kama anamtemea mtu, na huyo mtu alikuwa mimi. Daktari akaweka kioo chini ya hadubini yake, akanivuta nitazame.

Niliona kama mbingu iliyogeuzwa, nyeupe, yenye mawingu madogo ya mviringo, na ndani ya kila wingu vumbi jeusi.

"Hawa ni askari," alisema. "Wanakaa ndani ya pafu. Kazi yao, kula vijidudu. Leo wamekula masizi. Wameshiba. Vijidudu vinapita, wao wamelala."

"Na makohozi je, si yanatoa uchafu?"

"Njia ya hewa ina vinywele. Vidogo sana. Vinafagia, vinafagia. Moshi unavilaza. Hakuna ufagio, hakuna askari. Mtoto mdogo, njia ndogo. Kichomi kinarudi, kinarudi."

Nikauliza kama nifungashe vitu vyangu.

"Hapana. Alhamisi utawaambia akina mama."

"Niwaambie nini, Daktari?"

"Hayo uliyoniambia mimi."

Ningependa zaidi kufukuzwa. Siku zile mpaka Alhamisi nilikaa na Tekla nimemwegemeza kifuani kwangu akiwa wima, maana akilala chali anazama. Nilimwambia Mama Maria: chukua kazi yangu, jina langu, usimchukue huyu. Alhamisi asubuhi alikunywa uji, vijiko vitatu. Nikampa mama yake, nikatoka uwanjani.

Nilisema nimesimama palepale tulipochomea mafumba. "Niliwakosesha. Moshi ule unaharibu vifua vya watoto. Si mbu, si uchawi, si uvivu wa Gaudensia. Ni mimi."

Mmoja nyuma akasema: "Kwa hiyo sasa mbu watule, au?" Wakacheka, cheko lisilo zuri. Safari hii sikuwa na karatasi ya kunijibia.

Yule bibi mkavu akanyanyuka, akakohoa kwanza. "Mwenye ukindu alete ukindu," alisema. "Nitashona mimi. Na wewe msomi, chemsha maji. Kunguni hawapendi maji ya moto, hilo hata mama yangu alijua."

Basi tukashona. Moto tukauweka mbali na dungu, upande upepo unakokwenda.

Baada ya hapo nilitumwa Mngeta, kisha nikarudishwa Ifakara, wodi ya vifua, ambako vijana wa mashine za mpunga walikuja wanakohoa vumbi la pumba, na akina mama wa kukausha samaki wakikohoa moshi wa samaki. Wakubwa wapya walikuwa wanauliza mgonjwa anaumwa nini. Mimi niliuliza analala wapi, anapika wapi, kazini anapumua nini. Wengine waliniona mbea. Nimestaafu mwaka huu, mgongo umekataa, na kama mtachukua kitu kwangu chukueni hayo maswali. Kabla ya kumfundisha mtu, pandeni kwanza juu kwenye dungu lake.

Tekla aliishi. Kifua hakikurudi chote. Sasa ni mtu mzima, ana mtoto, lakini hawezi kupeta mchele na jikoni hakai. Nilipostaafu nilimweleza yote, nikidhani hajui.

"Bibi aliniambia zamani," alisema. "Alisema, yule ndiye aliyekuunguza, na yule yule ndiye aliyekushika. Ukimpita bila shikamoo nitakuchapa."

Huja kila Jumapili baada ya misa. Toka barabarani hadi kwangu ni hatua chache, ila yeye husimama mara mbili, na mara ya mwisho ni nyuma ya ua wangu wa mabua, anadhani simsikii. Hapendi kuonekana anahema. Kwa hiyo siendi kumlaki. Naacha mlango wazi, nakaa ndani, nasikiliza mpaka pumzi imtulie, ndipo anapiga hodi.