Kerrow na Sekunde Arobaini za Aweys

Saa moja asubuhi, jua la Garissa limeshaanza kuuma. Kerrow Ogle, mwenye umri wa miaka 54, amechuchumaa mbele ya geti la buluu analolichomelea, miwani nyeusi usoni, cheche zikimrukia viatuni. Vidole vyake vya kushoto vimejaa makovu ya moto.

"Vidole hivi vilikuwa vinapiga gitaa," anasema akizima mashine. "Roki, wallahi."

Mwaka 1989, akiwa kidato cha tatu, yeye na rafiki yake Aweys walianzisha bendi. Gitaa lilikuwa la Koome, mwalimu wao kutoka Meru. Ngoma zilikuwa madebe ya mafuta ya kupikia. Aweys aliimba kwa sauti ambayo Kerrow anasema "ilikwaruza kama mchanga kwenye sufuria."

Majirani walilalamika. Bendi ilipiga mbele ya watu mara sita tu. Nyimbo zao nne walizirekodi darasani, kwa redio ya Koome, kwenye upande mmoja wa kanda. Nakala haikuwepo.

Koome alihamishwa, akaondoka na gitaa lake. Mwaka 1993, lori la mbuzi alilopanda Aweys lilipinduka karibu na Balambala. Aweys hakupona.

Miezi minne baadaye mama yake Kerrow, Maka, aliugua. Alitaka kumtumia salamu mwanawe mkubwa, Bishar, aliyekuwa akifanya kazi Jeddah. Hakujua kuandika. Ilikuwa Idi, maduka yamefungwa, na nyumbani kulikuwa na kanda ile moja tu, upande wake wa pili ukiwa na kisomo cha Kurani.

"Hooyo alikuwa anahema kwa shida. Ningemwambia mama yangu angoje?" Kerrow anauliza. "Nikabonyeza kitufe cha kurekodi mwenyewe, juu ya nyimbo zetu."

Maka alifariki wiki hiyo hiyo. Kanda ilikwenda Jeddah, ikakaa huko miaka zaidi ya thelathini.

Bishar naye alifariki Januari mwaka huu. Mwezi Machi sanduku la vitu vyake lilifika Garissa, kanda ikiwa ndani ya soksi. Kerrow akaazima redio ya jirani.

Kwa dakika ishirini na nane Maka anamuuliza Bishar kama anakula vizuri, anamwombea dua, anakohoa. Halafu anakatika, na Aweys anatokea katikati ya ubeti wa mwisho wa wimbo wa nne. Sekunde arobaini, basi.

"Nililia. Hata sijui nilikuwa namlilia nani."

Fundi wa simu alijaribu kuinakili, ikatoka mikwaruzo mitupu. Utepe umechoka.

Wiki iliyopita Rukiyo, dada yake Aweys anayeuza maziwa Balambala, alipiga simu. Alikuwa amesikia kwamba sauti ya ndugu yake imepatikana.

"Nikamwambia, 'Ni kidogo, walaal, dada yangu.' Hajui kwamba nyingine yote niliifuta mimi."

Jumamosi atafunga karakana, aende Balambala na redio ile, ambayo sasa ameinunua kwa jirani. Anasema atakiri kwanza, kabla ya kuiwasha. Rukiyo akimfukuza, atamwachia redio na kanda mlangoni.

Na sauti ya mama yake je?

Kerrow anafuta miwani kwa kikoi, taratibu.

"Hooyo nimemsikiliza kila siku tangu Machi. Rukiyo hajamsikia kaka yake hata mara moja."