Mama Jogoo Aomba Likizo

Wenzake wa zahanati ya macho humwita shangazi yangu Mama Jogoo, kwa kuwa kwa miaka minne hakuna aliyewahi kumtangulia kazini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa ameshawasha kompyuta ya mapokezi, ameandika nywila anayoijua yeye peke yake, kisha ameianzisha programu ya foleni. Programu hiyo hufanya kazi kimyakimya, haionekani popote, ila hupeleka namba za wagonjwa kwenye kibao cha taa ukumbini. Asipoiamsha, kibao huwa giza, na wagonjwa hugombania nani alitangulia.

Wiki ile bintiye, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Shangazi akaomba ruhusa. Daktari mkuu akamjibu, "Nenda, mama, lakini umeme ukikatika, nani ataiamsha programu?"

Aliponisimulia, damu ilinichemka. Binadamu si swichi! Mashine iliundwa imtumikie mtu, sasa mtu ananyimwa mjukuu kwa ajili ya mashine? Nikamwendea daktari, nikamwambia nimesomea kompyuta na programu inaweza kujianzisha, akakubali nijaribu. Jumamosi mchana, zahanati ikiwa imefungwa, Shangazi akaniandikia nywila yake, nikaketi kwenye kiti chake, nikaiagiza kompyuta iianzishe programu yenyewe. Dakika kumi tu.

"Tayari, Shangazi. Funga mizigo."

"Hiyo ni tayari ya mdomo." Akainama, akachomoa waya ukutani. "Haya, msomi, umeme umekatika."

Akauchomeka, akabonyeza kitufe cha kuwashia, kama ambavyo mlinzi wa zahanati angefanya yeye akiwa safarini. Kompyuta ikafika kwenye ukurasa wa nywila, ikasimama. Ukumbini, giza.

"Inangoja nini?"

"Inakungoja... wewe uingie."

Akacheka mpaka akashika meza. "Mwanangu! Miaka mitatu ya chuo, umenifunga kwenye kiti kilekile kwa kamba mpya!"

Nikanywea. Nilikuwa nimeiagiza programu ianze mtu anapoingia, badala ya kuanza mashine inapowaka. Nikaisajili upya kama huduma ya mashine yenyewe, ianze kabla ya yeyote kugusa nywila, ila ingoje kwanza mtandao upatikane, la sivyo isingekiona kibao.

Akachomoa tena, akarudisha, akabonyeza, akakunja mikono. Tukangoja. Mara ukumbini kibao kikawaka chekundu: 001.

"Nani amegusa?"

"Hakuna."

Hakuamini. Alichomoa mara ya tatu, na ya nne. Ya tano nikamshika mkono. "Shangazi, utaiua!"

Jumatatu akasafiri.

Jumatano asubuhi umeme ukakatika kweli. Uliporudi, mlinzi akabonyeza kitufe, kibao kikaendelea na namba zake, na hakuna mgonjwa aliyeinua hata kichwa. Mlinzi akaniarifu, nami, kifua mbele, nikampigia Shangazi.

"Imeanza yenyewe!"

"Nini?"

"Programu!"

"Aa, hiyo. Punguza sauti, baba, mjukuu amelala kifuani kwangu."

Akakata simu.