Zamu ya Neema Mferejini

Nilipanda miteremko ya Meru Jumamosi ile kwa sababu moja tu: kumrudisha mdogo wangu mjini. Neema, binti wa miaka kumi na minane, alikuwa hajanisemesha tangu tumzike mama. Shangazi alimchukua kwa wiki mbili, zikawa miezi mitatu. Chuo chake cha ushonaji kilikuwa kinafungua Jumatatu, nami niliogopa nikimwacha huko atanipotea kabisa.

Saa moja asubuhi niliondoka Ngarenaro, mtaani kwetu mjini, mafundi ndiyo kwanza wanafungua karakana. Tengeru ilikuwa siku ya soko. Kina mama walishuka na mikungu ya ndizi, mimi napanda na raba nyeupe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Bodaboda iliishia kwenye matope, nikaendelea kwa miguu kati ya migomba na kahawa, nikihema.

Saa tano nilifika njia inapokutana na mfereji, juu kidogo ya nyumba ya shangazi, ukingoni mwa msitu. Vijana kama sita walikuwa wakizoa tope kwa majembe. Nilikaa, nikatumbukiza raba majini nizisugue.

"Kaka, toa hivyo viatu. Watu wa chini wanakunywa hayo maji."

Alikuwa Neema, matope hadi magotini. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu msibani. Sijawahi kufurahia kukaripiwa kama siku ile.

Nyumbani shangazi alitupakulia makande.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umemfuata?"

"Ndiyo. Chuo kinafungua."

"Muulize mwenyewe. Huku asiyezibua mfereji hapewi maji, hata awe mwanangu. Yeye kazibua na wenzake, wakampa zamu ya maji ya Alhamisi. Ile bustani ya mboga za chainizi ni yake."

Nikamuuliza. Aliutazama msitu kwanza.

"Mjini kila mtu ananiambia pole. Huku wananiambia lete jembe. Nikifika kule msituni kwenye chanzo cha mfereji, moyo unatulia. Namlilia mama, hakuna anayenishangaa, halafu tunaendelea kuzibua."

"Na chuo?"

"Nitakuja muhula ujao, kaka. Nikiondoka sasa, zamu yangu itapita bila mtu."

Saa tisa nilishuka peke yangu, na sitaficha, iliniuma. Niliogopa Neema angepotea huko juu, kumbe alikuwa amepotea mjini, chumba cha pili, nami nampikia chai kila siku bila kujua. Alhamisi nilimpigia simu. Haikupokelewa; nilijua yuko mferejini kwenye zamu yake, nami nikaendelea na kazi kwa amani.