Paka Wale Wale, Fundi Mwingine

Saa moja asubuhi, Ijumaa. Fundi anafungua kibanda, anajiviringishia utepe wa gundi kiganjani, kisha anaupitisha juu ya gauni jeupe lililotundikwa ukutani, kuanzia mabegani mpaka kwenye pindo. Hakuna unyoya hata mmoja. Anakagua tena.

"Nikiacha mmoja tu," anasema, "utapelekwa kwenye kikao cha ukoo."

Gauni ni la bi harusi wa kesho. Wiki hii nusura liondoke kabla halijashonwa mikono, na sababu ni paka.

Mtaani fundi huyu anaitwa Mama Paka. Ana miaka arobaini na moja, hajaolewa, na anafuga paka wawili: Bobini, mweusi ti, na Kifungo, wa rangi ya majivu. Kwa hesabu za mtaa, hapo jibu limeshapatikana.

"Wakinionea huruma, nimekosa mume. Wakikasirika, nimemla," anasema huku akitunga uzi. "Wengine wanasema Bobini ndiye mume mwenyewe. Ingekuwa kweli, si angelipa kodi?"

Ukweli hauna uchawi wowote. Mwaka aliofungua kibanda, panya walitafuna bitana ya koti la mteja wakajitengenezea kitanda. Alilishona upya kwa gharama zake. Bobini alipokuja, panya walihama.

Jumatatu, shangazi wa bi harusi alikuja kukagua gauni, akamkuta Bobini amelala chini ya meza.

"Fundi, huyu nani?"

"Mlinzi, shangazi."

"Mlinzi wa nini? Mwanamke akifuga paka, mume hakanyagi mlangoni. Nuksi hiyo ndiyo unayomshonea mwanangu? Paka watoke, au gauni litoke."

Fundi alijua gauni likiondoka kwa jina la nuksi, hakuna bi harusi mwingine ambaye angekanyaga pale. Na nguo za harusi ndizo zinazokiweka kibanda wazi. Akawatia paka kwenye kikapu, akawapeleka kwa fundi viatu, mlango wa tatu.

Fundi viatu ana miaka hamsini na kitu. Hajaoa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

"Dada yangu wa cherehani kafuga miaka yote, kaitwa mchawi," anasema, misumari imo mdomoni. "Mimi nimefuga Jumatatu mpaka jana, nimeambiwa nina huruma. Jirani kaniletea vichwa vya samaki, na salamu za mdogo wake."

Jana, shangazi yuleyule alimpelekea kiatu kilichong'oka kisigino, akifuatana na bi harusi. Akaketi kwenye benchi. Bobini akampanda mapajani, akajikunja. Shangazi akampapasa.

"Paka aliyelelewa na mwanamume," akasema, "ana adabu zake."

Fundi viatu akatema misumari. "Shangazi, huyo ni wa kwa fundi cherehani. Yuko likizo."

Mkono ukasimama mgongoni mwa paka. "Huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Shangazi," bi harusi akasema huku akijishika mbavu, "nuksi yako inakoroma."

Shangazi hakuomba radhi. Aliuliza bei ya kisigino. Lakini habari ilimfikia fundi cherehani kabla gundi haijakauka, naye akafunga kazi, akachukua kikapu, akaenda kuwarudisha paka wake. Gauni lilikuwa bado halijachukuliwa.

"Niliogopa," anakiri. "Lakini nikiwaficha leo, kesho nitafichwa mimi."

Saa nne asubuhi hii, bi harusi anaingia kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Shangazi anabaki kizingitini. Kifungo amelala kwenye kiti cha wageni.

"Mfunge huyo kwanza."

"Hafungwi, shangazi," fundi anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye pindo. "Hapa ni kazini kwake."

Bi harusi anajigeuza mbele ya kioo, kiuno kimekaa barabara. Shangazi anamtazama, anamtazama paka, anaguna.

"Basi asogee, na mimi nikae."

Fundi ana mpango wa kukodi chumba cha pembeni, chenye dirisha kubwa la kioo linalotazama barabara. Magauni yatatundikwa nyuma, na chini, palipo na jua, ataweka mito miwili.

"Anayeogopa aogopee huko nje," anasema, akikata uzi kwa meno. "Atakayeingia, awe ameshawaona."